Barua ya wazi kwa vyama vinavyotawala kaunsili za London: nani anawauliza maswali?

Waheshimiwa viongozi wa Labour, Conservative, Liberal Democrats na Green hapa London, pamoja na wengine wote mnaojipanga kugonga milango yetu kuomba kura za kaunsili, yani serikali za mitaa, Mei 7, 2026.

Salaam. Naandika kwa Kiswahili makusudi kabisa, nataka wenzangu wa Newham, Barking, Tottenham, Woolwich na Croydon waisome kabla yenu na waijadili majumbani kwao, nyinyi mtaletewa ya Kiingereza ikishatafsiriwa. Na sina mambo mengi, nina moja tu linalonikera miaka sasa nalo ni hili, kaunsili nyingi za mji huu zinaendeshwa bila mtu yeyote mwenye nguvu ya kuwauliza maswali, na nyinyi mmeshazoea hivo mpaka mnaona ndio kawaida.

Tuanze na Barking and Dagenham. Mwaka 2006 chama cha BNP, kile cha chuki dhidi ya wageni, kilipata viti 12 kati ya 51 pale, na watu weusi tuliokuwa tunaishi upande ule tuliogopa kweli. 2010 wakazi waliamka wakapiga kura kwa wingi wakawafuta wote 12, na siku ile watu walishangilia na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini angalieni kilichofuata. Labour ilichukua viti vyote 51. 2014 tena vyote 51. 2018 vyote 51. 2022 vyote 51. Yani mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa furaha ameshafika sekondari na kwenye uchaguzi mkuu wa kaunsili yake hajaona upinzani ukishinda hata kiti kimoja.

Lewisham 2022 ilikuwa 54 kwa 54. Newham 2014 na 2018 ilikuwa 60 kwa 60, 2022 wakaingia Green wawili tu kutoka kata ile ya Stratford Olympic Park, 64 kwa 2, na watu wakaongea kama vile mapinduzi yametokea. Na msidhani nawasema Labour peke yao, Richmond upon Thames mwaka huohuo Liberal Democrats walichukua 48 kati ya 54 na Conservative waliowahi kuitawala kaunsili ile wakabaki na diwani mmoja, mmoja tu jamani, wakati waliowapigia kura walikuwa maelfu. Hao maelfu nao wanalipa kodi ya kaunsili kila mwezi kama wengine, sauti yao iko wapi?

Mtasema wananchi ndio wamechagua. Sawa, wamechagua, ila 2022 waliokwenda kupiga kura London nzima walikuwa kidogo tu zaidi ya theluthi moja ya walioandikishwa, alafu katika hao mwenye kura nyingi kwenye kata anabeba vyote, kata ya madiwani watatu chama kimoja kikiongoza hata kwa tofauti ndogo kwa kawaida kinaondoka na watatu wote. Mnageuza wingi mdogo wa kura kuwa kaunsili nzima afu mnatuambia ni sauti ya watu.

Sasa niwaeleze wenzangu wasiojua kazi inavyofanyika ndani, mana wengi tunadhani maamuzi yanafanyika kwenye kile kikao cha kaunsili chenye meya wa mkufu na fimbo ya heshima. Hapana. Tangu sheria ya 2000 kaunsili nyingi zinaendeshwa na kiongozi pamoja na kabineti yake ya watu wasiozidi 10, wengine wana meya wa kuchaguliwa moja kwa moja kama Newham, Hackney, Lewisham, Tower Hamlets na Croydon. Kabla ya kikao cha wazi chama kinakaa peke yake kwenye chumba, wanaita kikao cha grupu, sisi hatuingii, mwandishi wa habari haingii, na humo ndimo wanapobishana kama wanabishana. Wakishakubaliana kiranja wa chama anahakikisha kila diwani anapiga kura walivyokubaliana, na diwani akikaidi anaweza kusimamishwa kwenye grupu, na uchaguzi ujao asipitishwe tena. Kuna kamati ya uchunguzi iliyowekwa kisheria kuwahoji wakubwa, lakini kwenye kaunsili ya chama kimoja wajumbe wa kamati hiyo ni wa chama hichohicho, na uenyekiti wa kamati una posho yake ya ziada, na kiti hicho kinagawiwa ndani ya grupu ambamo kiongozi ndiye mwenye usemi mkubwa. Nani atamhoji aliyempa ugali?

Niliwahi kukaa kwenye viti vya wananchi juu kule kwenye kaunsili moja, sitaitaja, siku wanapitisha bajeti. Kuna mama mmoja mtu mzima alikuwa ameandika swali lake kuhusu kituo cha wazee kinachofungwa, karatasi ameikunja mara nne mkononi, amevaa koti lake la Jumapili. Akaambiwa swali halikufika kwa wakati, litajibiwa kwa maandishi. Chini pale diwani mmoja alisimama akasoma hotuba ya kumsifu kiongozi, wa pili akamsifu wa kwanza, kisha ikaitwa kura na mikono ikapanda yote pamoja, hata wale wawili waliokuwa wanachezea simu walinyoosha mikono bila kuinua macho. Yule mama aliniuliza, "Imeisha?" Nikamwambia imeisha. Mamilioni ya pauni yale, huduma za watoto, za wazee, takataka, maktaba, yamepita na hakuna aliyesema neno moja la kupinga, wakati nje watu wanaulizana kila siku.

Sijasema wale madiwani ni wabaya. Nawajua kadhaa wanaokesha na barua za watu waliopewa notisi ya kutoka nyumbani, na wanafanya hivo baada ya kutoka kwenye ajira zao. Ubaya uko kwenye mpangilio, mpangilio unaomfanya diwani aogope grupu kuliko anavyotuogopa sisi.

Na ndio mana kwenye maeneo haya uchaguzi wa kweli unafanyika pale chama kinapoteua mgombea. Ukishapata tiketi ya chama kwenye kata salama umeshakuwa diwani, Mei ni kukamilisha tu taratibu. Na wanaoteua ni wangapi? Wanachama wachache wa tawi waliolipa ada na kufika mkutanoni, na kuna wakati makao makuu ya chama yanaingia kati na kuchagua yenyewe. Sir Robin Wales alikuwa meya wa Newham kuanzia 2002 hadi 2018, na kilichomwondoa hakikuwa kura zetu, ni wanachama wa chama chake walioamua kumpa tiketi Rokhsana Fiaz, na kabla ya hapo kulikuwa na ugomvi mkubwa kuanzia 2016 kuhusu namna kura ya ndani ya chama ilivyoendeshwa na mashirika yanayoshirikiana na chama kupewa kura zao. Kiti kinachosimamia mamia ya maelfu ya watu, na mjadala mzito kabisa kuhusu nani akikalie ulifanyika kwenye mikutano ambayo mkazi wa kawaida hana ruhusa ya kuingia. Hata Ken Livingstone, mwaka 2000, wanachama wa kawaida wa Labour wengi walimtaka awe mgombea umeya wa London lakini mfumo wa ndani wa chama ukampa Frank Dobson, Ken akagombea kama mtu huru na wananchi wakamchagua. Huyo alikuwa na jina kubwa. Dada wa Plaistow mwenye akili na moyo wa kazi lakini asiye na kundi ndani ya chama atafanya nini?

Mnajua kinachotokea mahali ambapo wakubwa hawasikilizi. Wengi wetu Croydon tunaijua kwa sababu ya Lunar House, pale tulipopanga foleni za makaratasi ya kukaa nchi hii. Croydon hiyohiyo Novemba 2020 ilitangaza notisi ya 114, maana yake kaunsili haiwezi kulipa matumizi yake na matumizi yote mapya yasiyo ya lazima kisheria yasimame. Madeni yalikuwa yamepita pauni bilioni 1, karibu milioni 200 zilikopeshwa kampuni yake yenyewe ya kujenga nyumba, Brick by Brick, na mkaguzi wa hesabu Grant Thornton mwezi mmoja kabla alishaandika kwamba viongozi walikuwa kama vipofu mbele ya hatari. Pale upinzani ulikuwepo, Conservative walikuwa na viti 29 dhidi ya 41 vya Labour, lakini upinzani usio na uwezo wa kuzuia chochote ni kelele tu. Aliyelipa ni nani? 2023, sasa chini ya meya wa Conservative, kodi ya kaunsili ilipandishwa asilimia 15 kwa mpigo mmoja, wakati kikomo cha kawaida bila kura ya maoni ni chini ya asilimia 5. Newham nao 2025 wakaruhusiwa kupandisha asilimia 8.99. Mlinzi wa usiku na mama wa usafi hawakuwepo wakati mikopo ile inasainiwa lakini bili imewafikia mlangoni.

Na Grenfell. Hili siwezi kulipita haraka. Juni 14, 2017 watu 72 walikufa kwa moto kwenye jengo hilo la ghorofa lililokuwa mali ya kaunsili ya Kensington and Chelsea, mojawapo ya kaunsili tajiri kabisa Uingereza, chama kimoja, Conservative, kimeitawala tangu ilipoanzishwa miaka ya 60. Wakazi walikuwa wameandika na kulalamika kuhusu hatari ya moto kwa miaka. Miaka mitatu kabla ya moto ule kaunsili hiyo iliwarudishia pauni 100 walipaji wa kodi waliolipa yote kwa wakati, ilikuwa inajivunia akiba yake, na jengo likafungwa vibao vya nje vilivyowaka kama petroli. Ripoti ya mwisho ya uchunguzi, Septemba 2024, imeeleza jinsi wakazi na shirika lililosimamia jengo walivyofikia hali ya kutoaminiana kabisa, waliokuwa wanalalamika wakaonekana ni wasumbufu. Alafu Mei 2018, mwaka haujatimia tangu moto, uchaguzi ukafanyika na chama kilekile kikapata viti 36 kati ya 50, kutoka 37. Kimepungua kiti kimoja. Ukiwa mtawala na unajua kwamba hata jambo kama lile haliwezi kukutoa kwenye kiti, utamsikiliza vipi mpangaji wa ghorofa ya 20 anayekuandikia kuhusu mlango usiofunga?

Najua jibu lenu la pesa, na ni la kweli kwa sehemu kubwa. Serikali kuu imekata fedha za kaunsili tangu 2010, huduma za wazee na watoto wenye mahitaji maalumu zinakula bajeti, na makazi ya muda ndio yanawamaliza kabisa, umoja wenu wenyewe wa London Councils unasema mkazi 1 kati ya 50 wa mji huu hana nyumba ya kudumu na analala kwenye makazi ya muda. Katika hao kuna watu wetu, familia ya watu watano chumba kimoja cha hoteli, sufuria chini ya kitanda, shule ya watoto basi mbili. Lakini pesa zikiwa chache ndio maswali yanatakiwa yawe mengi. Newham Oktoba 2024 ilipewa daraja la C4 na msimamizi wa nyumba za jamii, daraja la chini kuliko yote, kazi nyingi za usalama wa moto zikiwa zimelala bila kufanyika. Kwenye kaunsili yenye wapinzani wa kutosha taarifa za kazi zile zingedaiwa mezani mapema, sio mpaka msimamizi wa serikali aje kufungua mafaili.

Sasa msiniambie haiwezekani kubadilisha, mana imeshawezekana hapohapo nchini kwenu. Glasgow 2003 Labour ilichukua viti 71 kati ya 79 wakati kura zake hazikufika hata nusu. Bunge la Scotland, likiongozwa na Labour pamoja na Liberal Democrats, likapitisha sheria 2004 kwamba uchaguzi wa kaunsili utumie mfumo wa kupanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu. 2007 ulipotumika mara ya kwanza Labour Glasgow wakapata 45, bado wanaongoza, lakini safari hii mbele yao kuna watu wa kuwajibu. Leo Glasgow hakuna chama chenye wingi peke yake, wanalazimika kuongea, na mji haujaanguka. Wales nao sheria yao ya 2021 inaziruhusu kaunsili kuchagua kuhamia mfumo huo. Na hata hapa London, lile karatasi la rangi ya chungwa tunalopewa kwa ajili ya Bunge la London linagawa viti kwa uwiano wa kura tangu 2000, wajumbe 11 kati ya 25 wanapatikana hivo, ndio mana mnakuta pale vyama vitano. Tunaweza kuhesabu kwa haki kwa ajili ya jumba lile pale Royal Docks lakini kwa ajili ya kaunsili inayotuokotea taka na kutupangia nyumba hatuwezi?

Mkutano mkuu wa Labour Septemba 2022 ulipiga kura kuunga mkono mfumo wa uwiano. Wabunge wenu ndio wengi Westminster, kwenye Bunge la Uingereza, tangu Julai 2024. Mnasubiri nini? Na nyinyi Conservative, sheria yenu ya 2022 ndiyo iliyotunyang'anya chaguo la pili kwenye kura ya meya, mkidhani itawasaidia, na 2024 Sadiq Khan akashinda tena. Mjifunze.

Kuna jambo lingine linaloungana na hili na linatuuma sisi waongeaji wa Kiswahili moja kwa moja. Mkenya, Mtanzania, Mganda mwenye kibali cha kukaa hapa anapiga kura zote kwa sababu nchi yake iko Jumuiya ya Madola. Mnyarwanda pia, kwa kuwa Rwanda iliingia 2009. Jirani yake Mrundi hapigi. Mkongo hapigi. Msomali hapigi, mpaka wapate uraia, na uraia ni pesa ndefu na miaka mingi. Kuna mama Mkongo jirani yangu, wa Bukavu, amelea watoto hapa na anasafisha ofisi alfajiri, aliniuliza, "Mimi nalipaka kodi kila mwezi sawa na weye, juu ya nini weye unapiga na mimi hapana?" Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu kwenye kodi ya kaunsili hakuna anayemuuliza kama Kivu iko Madola. Na angekuwa Glasgow au Cardiff angepiga! Scotland tangu 2020 na Wales tangu 2021 kila mkazi mwenye kibali halali, hata mkimbizi aliyepewa hifadhi, anachagua diwani wake. Kwa hiyo kwenye ufalme mmoja mama yuleyule ni mpiga kura akiwa Scotland au Wales na si kitu akiwa London. Mji mnaosema kila siku ni wa watu wote wa dunia, hili mmelinyamazia.

Kwenu ndugu zangu mnaoruhusiwa, nawaomba jina liwe kwenye daftari, mwisho wa kujiandikisha ni siku 12 za kazi kabla ya kura, na siku yenyewe nendeni na kitambulisho chenye picha. Pasipoti ya Kenya au Tanzania au Uganda inakubalika, hata iliyokwisha muda ilimradi sura bado inafanana, na asiye na kitu anaweza kuomba cheti cha mpiga kura bure. Wazee wenye Freedom Pass ya umri, ile kadi ya kusafiri bure, inatosha. Kata nyingine zinaamuliwa kwa tofauti ya kura ambazo zingejaa kwenye msikiti mmoja au kanisa moja la Kiswahili.

Ninachowadai nyinyi wakubwa nakisema wazi. Kila grupu itakayotawala baada ya Mei ipitishe azimio la kuiomba Westminster ibadilishe mfumo wa kura za kaunsili za England uwe kama wa Scotland, na iruhusu kila mkazi halali kupiga kura ya diwani. Hilo ni la kisheria na litachukua muda. Lakini yafuatayo hayahitaji sheria yoyote mpya, mnaweza kuyafanya kwenye kikao cha kwanza kabisa. Mwenyekiti wa kamati ya uchunguzi asitoke chama kinachotawala, na kama hamna upinzani hata mmoja basi mualike wakazi na vyama vya wapangaji wakae kwenye kamati, sheria inaruhusu watu wasio madiwani kukaa pale. Kiranja asitumie nguvu kwenye kura za kubomoa mitaa, kufunga vituo na kuuza ardhi ya kaunsili. Swali la mkazi lisomwe kwa sauti kikaoni na lijibiwe na mhusika akiwa amesimama, lisitupwe kwenye majibu ya maandishi. Na mikutano ya kuteua wagombea kwenye kata mnazojua mmeshashinda iwe wazi kwa wakazi kuja kuwasikiliza na kuwauliza, hata kama kupiga kura mtawaachia wanachama wenu.

Nataka majibu kwa maandishi, kutoka kwa kila chama kwenye kila kaunsili kati ya 32, kabla hamjaanza kugawa vipeperushi kata kwa kata. Atakayekuja mlangoni bila jibu nitampokea vizuri na chai nitampa, lakini kura yangu na za jamaa zangu wote wenye haki ya kupiga asizihesabu kwenye orodha yake.

Ni mimi,
mkazi, mlipa kodi na mpiga kura, London mashariki